Kushuka kwa volti kwenye pampu ya mafuta ni nini?

Kushuka kwa volti ni tofauti kati ya umeme unaotoka kwenye betri na ule unaokifikia kifaa. Injini ikiwa inanguruma, altaneta inatoa volti 14 hivi. Kwenye plagi ya pampu ya mafuta, kule nyuma chini ya kiti, zinafika 12.4. Zile 1.6 hazijavuja popote. Zimegeuka joto njiani: ndani ya waya, kwenye soketi, kwenye rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo), na pale ethi, waya wa kurudisha umeme upande wa hasi, inapokutana na bodi. Aliyewahi kupanga nyumba ya mwisho kwenye laini ya umeme anaujua mchezo huu bila kusomea. Saa moja jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, taa yake inakuwa nyekundu na friji inaguna tu bila kuwaka. Umeme upo, ila mdogo.

Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, jambo hili halimnyimi mtu usingizi. Pampu ya IST inakunywa umeme kidogo na waya wa kiwandani unatosha. Tatizo linaanza kwa wale vijana wetu wa Mwanza wenye Forester na Impreza za turbo, au Mark II yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE, wanaoongeza presha ya turbo, wanaweka nozeli kubwa za kunyunyizia petroli kwenye injini, halafu wanaagiza pampu ya Walbro ya lita 255 au 450 kwa saa. Pampu inafungwa palepale ilipokuwa ya zamani, inachomekwa kwenye soketi ileile, na waya ni uleule uliopigwa hesabu kwa ajili ya pampu nyingine kabisa. Hapo mtu amenunua lita 450 kwenye karatasi, lakini kwenye nozeli hazifiki.

Hesabu yake ni ndogo. Kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, inasema volti zinazopotea ni ampea mara ukinzani wa njia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.25 una ukinzani wa omu 0.014 kwa kila mita. Kutoka mbele kwenye betri hadi kiti cha nyuma ni kama mita 5, kwa hiyo tunapata 0.07. Ongeza soketi zilizozeeka, rilei, na ethi iliyopata kutu, na kufika 0.1 si kazi. Pampu ya zamani ikivuta ampea 7, inapoteza volti 0.7 na maisha yanaendelea. Pampu kubwa ikivuta ampea 16, inapoteza 1.6. Joto nalo halipandi kwa kiwango hichohicho, maana linakwenda kwa ampea mara ampea: kutoka wati 5 hadi wati 25 na zaidi, kwenye waya uleule na soketi zilezile. Ndiyo maana ukifungua mfuniko wa pampu kwenye gari lililotengenezwa hivi, mara nyingi utakuta plastiki ya soketi imekuwa kahawia na pini moja imezama kwenye plastiki iliyoyeyuka.

Lakini kinachoumiza injini ni kitu kingine. Regyuleta ya mafuta, yaani kidhibiti cha presha yake, kwenye magari haya inaweka presha ya kama bar 3 juu ya presha iliyopo kwenye manifodi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Turbo ikisukuma bar 1.2, presha kwenye reli ya nozeli, bomba linalozigawia mafuta, inatakiwa iwe 4.2. Pampu ikisukuma dhidi ya presha kubwa inavuta ampea zaidi, ampea zikipanda volti zinashuka zaidi, na volti zikishuka mota inazunguka polepole. Yaani pampu inaishiwa nguvu wakati uleule injini inapoihitaji kuliko wakati wote. Ukiwa kwenye foleni ya Buzuruga gari liko safi kabisa. Ukitoka Kisesa kuelekea Magu, gia ya tatu, mguu wote chini, ikipita mizunguko 5,500 inaanza kumisi.

Tuseme presha kwenye reli imeshuka kutoka 4.2 hadi 3.45. Tofauti ya presha kwenye nozeli sasa ni 2.25 badala ya 3. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha hiyo, kwa hiyo yanayotoka ni asilimia 87 ya yaliyotakiwa. Mchanganyiko uliopangwa kuwa sehemu 11.5 za hewa kwa 1 ya petroli unakuwa 13.3 kwa 1, chini ya turbo iliyojaa. Hapo ndipo injini inapoanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka wenyewe ndani ya silinda. Kwenye injini za Subaru za EJ, kinachovunjika kwanza mara nyingi ni ule ukingo mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi. Na kontroli boksi, kompyuta ya injini, haijui lolote, kwa sababu yenyewe inasoma volti 14 kule mbele na inafungua nozeli kwa hesabu ya presha kamili. Haina sensa ya kuiambia kwamba nyuma mambo yameharibika, isipokuwa kama mwenye gari ameweka ya kwake.

Sasa tuje kwenye kupima, ambapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mazungumzo yake kwenye gereji huwa hivi:

"Fundi, pampu mpya hii, mbona bado inakata?"

"Umeme upo, bosi. Ona mwenyewe."

Fundi amechomoa plagi ya pampu, amegusa pini kwa mita, na mita inasoma 12.6. Bosi anaridhika. Kumbe kipimo hicho hakijasema chochote. Plagi ikiwa imechomolewa hakuna umeme unaopita, ampea ni sifuri, na sifuri mara ukinzani wowote ni sifuri. Hata kama waya umebakiza uzi mmoja wa shaba, mita itasoma 12.6. Taa ya kupimia nayo ni hivyohivyo, kwa kuwa inavuta umeme kidogo mno kuweza kuuchosha waya. Kushuka kwa volti kunaonekana tu mzigo ukiwa kazini.

Njia sahihi ni kuacha plagi imechomekwa na pampu ikizunguka, kisha kupenyeza ncha za mita kwa nyuma ya soketi. Usianze kwa kupima volti za pampu. Pima upotevu wenyewe, upande mmoja mmoja. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye waya wa chanya wa pampu, ukisoma 1.1, hizo ndizo zilizopotea upande wa chanya. Halafu upande wa ethi: ncha moja kwenye waya wa ethi wa pampu, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Utahitaji waya mrefu wa kuunganishia mita, na mita 5 za waya mwembamba wa aina yoyote zinatosha, kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wa kuhesabika. Ukikuta 0.5 upande wa ethi, umepata dawa ya bei nafuu kuliko zote: fungua boliti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Magari mengi yanaletwa yakiwa yametumika miaka mingi kwenye nchi nyingine, na hizo boliti hakuna aliyezigusa tangu kiwandani.

Shida ni kwamba gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, pampu haina mzigo mkubwa. Wapo wanaofunga mita kwenye dashibodi na kwenda kupima barabarani. Sishauri, maana kati ya Igoma na Magu kuna matuta, bodaboda, ng'ombe, na askari wenye tochi, na wote hao wanastahili macho ya dereva. Kuna njia ya kupimia palepale gereji ambayo mimi naipenda. Chomoa kijibomba chembamba cha hewa kinachoingia kwenye regyuleta, kizibe upande wa manifodi, halafu kwenye regyuleta ingiza hewa ya bar 1.2 kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Regyuleta inadhani turbo imejaa, inapandisha mafuta hadi bar 4.2, na pampu inahema kama iko barabarani. Soma mita haraka, achia hewa. Injini itatoa moshi na kutetemeka kidogo kwa mafuta yaliyozidi; si kitu kama hukawii.

Jaribio hilo litakudanganya kama gari lina moduli ya pampu, kisanduku kinachodhibiti mwendo wake. Subaru nyingi za turbo na baadhi ya Toyota za injini ya JZ zinapunguza makusudi umeme wa pampu wakati injini haina kazi, ili pampu isipige kelele na mafuta yasipate joto bure. Kwa gari kama hilo lazima kwanza pampu ilazimishwe kwenda kwa nguvu zote, ndipo upime.

Ukishajua kwamba njia ndiyo tatizo, suluhisho ni kuipa pampu njia yake yenyewe. Waya mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unakwenda nyuma hadi kwenye rilei mpya iliyo karibu na pampu, pini namba 30 ikipokea na namba 87 ikitoa. Waya wa zamani wa pampu hautupwi. Unahamishiwa kwenye pini 85 na 86, na kazi yake sasa ni kuiamsha rilei tu, chini ya robo ampea, mzigo usioweza kuuchosha. Kwa waya wa milimita za mraba 4, mita 5 zina ukinzani wa omu 0.022. Kwa ampea 16 unapoteza 0.35, weka na rilei, fyuzi na ethi mpya, useme 0.5 jumla. Pampu inapata 13.5, na hiyo ndiyo volti ambayo watengenezaji wengi hupimia pampu zao wanapoandika zile lita kwa saa.

Kwa nini waya wa zamani uendelee kuamsha rilei, na mtu asichukue tu umeme wa swichi? Kwa sababu ya ajali. Kontroli boksi huzima pampu injini inapozimika hata kama ufunguo bado uko kwenye "on". Ukiunganisha pampu kwenye swichi au betri moja kwa moja, gari likipinduka na bomba la mafuta likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka tanki likauke au moto uwake. Fundi akikuambia "tuunge hapa hapa, kaka, inafanya kazi", mwache aende kuunga redio za watu.

Fyuzi inakaa mbele, sentimita chache kutoka kwenye betri. Inalinda waya, na waya ulio kabla ya fyuzi hauna anayeulinda. Ampea 25 inatosha kwa mfano wetu.

Kuhusu waya wenyewe, kuna kishawishi cha kupita dukani kununua ule wa nyumba wa milimita 4. Unene ni sahihi, lakini una nyuzi chache nene na mtetemo wa gari unazikata taratibu pale unapokunjwa. Tafuta waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, na hakikisha ni shaba tupu. Zile waya za bei poa za muziki wa gari mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu, ndani unaona weupe.

Wenye Subaru wana jambo moja zaidi. Moduli ya pampu haitoi umeme ulionyooka. Inaukatakata kwa kasi ili kupunguza mwendo wa pampu. Ukichukua waya huo ukaamshie rilei, rilei itatetemeka kama nzi kwenye chupa na kuungua mapema. Chukua ishara kabla ya moduli, kwenye rilei ya pampu ya kiwandani. Pampu sasa itakuwa inakwenda kwa nguvu zote muda wote, na kelele yake utaisikia kwenye kiti cha nyuma.

Ndani ya tanki nako kuna kipande cha waya, kama sentimita 20, ambacho watu hukisahau kwa kuwa hakionekani. Waya wa kawaida ukizama kwenye petroli, ganda lake linavimba na kupasuka. Bomba fupi linalounganisha pampu na mfuniko nalo ni vivyo hivyo: linatakiwa lililoandikwa 30R10, lililotengenezwa kwa kuzama. Lile la 30R9, ingawa ni zuri chini ya boneti, halikukusudiwa kukaa ndani ya petroli. Likilainika na kupasuka, pampu itakuwa inazungusha mafuta ndani ya tanki tu, volti zako 13.5 zikiwa kamili.

Na pampu ya umeme inapozwa na petroli inayoizunguka. Mwenye tabia ya kuweka mafuta ya elfu kumi kumi huku taa ya njano ikiwaka wiki nzima asishangae pampu ya laki kadhaa ikifa mapema.

Ukimaliza kufunga, weka geji kwenye reli, acha injini inangurume, chomoa kijibomba cha hewa cha regyuleta na usome. Inatakiwa isome bar 3. Ikisoma 3.6 au zaidi, pampu sasa inaleta mafuta mengi kuliko regyuleta na bomba la kurudishia vinavyoweza kupitisha, na gari litakula mafuta na kutoa moshi mweusi wakati halina kazi yoyote. Hapo unahitaji regyuleta kubwa, wakati mwingine na bomba pana la kurudisha mafuta tankini.