Gari la wikiendi: kodi yake inapumzika, bima haipumziki

"Gari lenyewe nalitoa Jumamosi na Jumapili tu. Kwa nini nilipe bima ya siku 365?" Swali hili sisi watu wa bima tunalikuta karibu kila tunapokwenda kutoa elimu, na anayeuliza kwa kawaida ameshanunua. Ana kigari kidogo cha kwendea kazini, na lingine lililoinuka kidogo kwa ajili ya kwenda shamba Kibaha, kuhudhuria harusi au kuwapeleka watoto Bagamoyo. Namwelewa kabisa. Hela ya kununulia ilipatikana kwa kujibana, na hakuna aliyekaa naye wakapiga hesabu ya kulimiliki.

Tuanze na kodi, maana hapo kuna nafuu. Ada ya leseni ya gari iliyokuwa inalipwa kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya Tanzania ya 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Mwaka 2021 tozo ya barabara kwenye petroli na dizeli ikapanda tena kwa shilingi 100. Kwa hiyo siku hizi mchango wako wa barabara unautoa kituo cha mafuta, lita baada ya lita. Gari la wikiendi likinywa lita 40 kwa mwezi, nyongeza hizo mbili ni shilingi 5,600. Likikaa mwezi mzima chini ya mwembe, hulipi kitu. Mimi naona ni utaratibu wa haki kwa mtu wa namna hii.

Wenzetu Kenya walikaribia kwenda njia nyingine. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ilipwe pale mtu anapokata bima. Ililalamikiwa sana na ikaondolewa Juni mwaka huohuo.

Kodi nzito ya gari hapa kwetu ni ile ya bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, na katikati yake ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Injini isiyozidi cc 1000 haina ushuru huo, ya kati ya cc 1001 na 2000 ni asilimia 5, na inayozidi hapo ni asilimia 10. Gari lililozidi miaka kumi huongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu. Gari la wikiendi ndilo watu hulitaka kubwa na la zamani, kwa sababu bei ya Japani inavutia. Bei ya Japani ni mwanzo tu wa hesabu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla hujatuma hata senti.

Ukinunua la mkononi kwa jirani au rafiki, kuna kubadilisha umiliki: ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, shilingi 50,000 ya uhamisho na 10,000 ya kadi mpya. Kwa gari la milioni 15 hiyo ni shilingi 210,000. Wengi huiruka kwa kuwa gari lenyewe ni la siku mbili. Siku ya kudai fidia tunafungua kadi, tunakuta jina la mtu mwingine, na madai yanakwama hapohapo mezani.

Sasa bima. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, kwa gari binafsi ni shilingi 100,000 na VAT yake, jumla 118,000 kwa mwaka. Hiyo inamlipa mtu mwingine uliyemjeruhi au kumharibia mali. Gari lako halimo. Bima kubwa, inayolipa na gari lako mwenyewe, kwa kawaida hukatwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya VAT. Gari la milioni 15 ni shilingi 525,000, ukiweka VAT unafika 619,500. Tofauti ya bima hizo mbili ni shilingi 501,500.

Je, inafaa kuitoa? Mimi humuuliza mtu swali moja: gari hili likiibwa usiku wa leo, utanunua lingine bila kugusa ada ya watoto? Akisema ndiyo, namwambia achukue bima ndogo na ile tofauti aiweke akiba, kila mwezi kama shilingi 41,800, iwe yake ya matengenezo. Akisita kujibu, basi gari hilo linahitaji bima kubwa, hata kama linatoka mara nne tu kwa mwezi. Pia ipo ya katikati, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Haizungumzwi sana, nami huwashauri wenye magari yanayosimama waiulizie, kwa sababu gari lililosimama linaogopa mwizi kuliko linavyoogopa kugongana. Uliza kabisa kama taa na vioo vikinyofolewa vimo, au mpaka gari zima liondoke.

Na usitegemee bima kubwa ikulipie betri iliyokufa kwa kusimama, nyaya zilizotafunwa na panya au matairi yaliyopasuka kwa uzee. Hayo ni uchakavu na utunzaji, ni ya mfukoni mwako.

Kitu kinachoniuma zaidi ni matumizi. Kuna baba mmoja alikuja na madai, bima kubwa ameilipa yote, leseni ya dereva safi, ripoti ya polisi ipo. Kwenye picha za ajali, utepe mweupe wa harusi ulikuwa bado umefungwa kwenye boneti. Tulipomuuliza akasema kwa moyo mweupe kwamba alikuwa amelikodisha Jumamosi ile, apate chochote cha kusaidia hiyohiyo bima. Bima yake ilikuwa ya matumizi binafsi. Hakulipwa. Hakuwa tapeli, hakuna aliyemwambia. Ukitaka gari la wikiendi lijilipie kwa kukodishwa, mwambie wakala mapema akuandikie bima ya biashara. Ni ghali zaidi, lakini inalipa.

Kuna wanaoona bora waiache bima iishe, wakate ya muda mfupi siku ya safari. Hesabu hiyo mara nyingi haitoki, kwa sababu bima ya miezi michache haigawanywi sawasawa na ya mwaka. Kila mwezi unaulipia zaidi. Tena gari halitoki getini kwa safari tu. Fundi akimaliza kufunga breki atalijaribu barabarani, na kijana wa nyumbani atalipeleka kuoshwa. Kulitembeza bila bima ya mtu wa tatu ni kosa kisheria, na akigongwa mtu siku hiyo, gharama za hospitali zinakugeukia wewe.

Kuhusu thamani ya gari unayoiandikisha kwenye bima, taja ya leo. Ukiandika milioni 8 kwa gari la milioni 15 ili ada ipungue, mikataba mingi ina kifungu cha kukulipa kwa uwiano huohuo hata kwa mchubuko wa mlango. Ukiandika milioni 20 hulipwi 20. Unalipwa bei ya soko. Kila unapohuisha, ishushe.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, ukiwa bado mbele ya wakala. Angalia jina, aina ya bima, matumizi na tarehe ya mwisho. Lisipoonekana humo, usiondoke hapo.