Gurudumu la nyuma halinunuliwi kwa inchi

Wiki iliyopita nilitumiwa picha WhatsApp: gurudumu jipya la nyuma, ringi nyeusi, spoki zinang'aa, limeegemezwa ukutani. Chini yake swali moja. "Fundi, hili litaingia kwangu? Ni 29." Nikamwambia, kaka, toa gurudumu la zamani unitumie picha ya baiskeli ikiwa tupu nyuma. Akadhani nimekosea kuandika.

Sikukosea. Baiskeli ya milimani ndiyo inayochagua gurudumu lake, na inachagulia pale uma wa nyuma, yaani mikono miwili ya fremu inayoshika gurudumu, unapobaki wazi. Hizo inchi ambazo kila mtu huanza nazo dukani ndizo rahisi kuliko vyote, kwa hiyo tuzimalize haraka. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili ndogo zenye kistari katikati, kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi. 559 ndiyo 26 ya milimani, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Fuata hiyo namba ya pili, achana na maandishi makubwa. Ile Phoenix ya babu yenye breki za fito, tunayoiita 28, ringi yake ni 635. Yaani ringi ya 28 ya babu ni kubwa kuliko ringi ya 29 ya kijana!

Sasa njoo kwenye uma. Chukua rula ya chuma, pima nafasi ya ndani kati ya pande mbili zinazoshika ekseli. Ukipata 135, na matundu ya kuingizia ekseli yapo wazi kwa chini, hiyo ni ya ekseli nyembamba ya nati au ya kufunga kwa wenzo wa mkono. Baiskeli nyingi za mtumba zinazonifikia hapa Moshi ni za hivyo. Ukipata 142 au 148, na matundu ni ya duara, ekseli yako ni ile nene ya milimita 12 inayochomekwa kutoka upande mmoja na kujifunga upande wa pili. Hiyo 148 ndiyo wanayoiita Boost.

Kati ya 135 na 142 tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Zile milimita 3.5 zilizoongezwa kila upande zinaingia tu kwenye kishimo cha fremu ili gurudumu likae lenyewe wakati unachomeka ekseli, ndiyo maana kuna habu (kitovu cha gurudumu) ambazo ukibadilisha vifuniko vya pembeni zinahama kutoka moja kwenda nyingine. 148 ni kitu kingine kabisa. Pale masikio ya habu yanayoshika spoki yamesogezwa nje, na diski ya breki na sproketi (zile gia za meno zinazopita mnyororo) zimesogea pamoja nayo. Kuongeza washa za kujazia pekee hakutakusaidia. Na tafadhali usimruhusu mtu apanue au abane fremu ya alumini kwa nguvu ili gurudumu liingie. Chuma huvumilia kuvutwa kidogo, alumini hupasuka.

Kinachofuata ndicho kinachonipa kazi nyingi zaidi kijiweni: friwili au kaseti. Kwa macho vinafanana. Friwili ni sproketi zote pamoja na ule mtambo unaolia tiktiktik, kipande kimoja kinachokazwa kwa nyuzi juu ya habu. Kwenye kaseti, mtambo ni sehemu ya habu, sproketi zenyewe zinateleza tu juu ya mifereji na kufungwa kwa pete. Kama huna uhakika, zungusha sproketi kinyumenyume utazame pale katikati funguo inapoingia. Pakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Pakitulia, ni friwili.

Kwa nini nahangaika na hili? Kwa sababu ya gololi. Kwenye habu ya friwili, gololi za kulia zimekaa ndani, nyuma ya sproketi, kwa hiyo ekseli inatokeza sentimita kadhaa bila kushikwa na kitu. Sproketi zikiongezeka, kipande hicho kinarefuka. Habu nyingi za kaseti zina beringi karibu kabisa na fremu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kuna mzee anashusha maziwa kutoka Kibosho kwa baiskeli ya gia, madumu mawili nyuma. Nilimfungia gurudumu la friwili kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu. Baada ya wiki chache akarudi, ekseli imepinda. Nikabadilisha. Akarudi tena, safari hii nilipoifungua ilitoka vipande viwili. Nilimwonyesha pale ilipokatika: nusu imeiva kutu, nusu inang'aa kama kijiko kipya. Maana yake ufa ulianza zamani, ukawa unakula taratibu, na siku hiyo ilimalizikia tu. Mzee akanitazama, akasema, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unanikopesha ajali." Sina cha kujitetea. Nikamfungia habu ya kaseti kwa nusu bei.

Ukishajua ni kaseti, hesabu meno ya sproketi ndogo kuliko zote. Yakiwa 11, karibu kila mara unahitaji mwili wa habu (ile sehemu ya mifereji inayobeba kaseti) wa aina ya HG, ule wa kawaida. Yakiwa 10 kwenye gia 12, simama: kampuni ya Shimano wanatumia mwili wa Micro Spline waliyoitoa 2018, wenzao SRAM wanatumia XD, na hakuna kinachoingia kwa mwenzake. Idadi ya gia peke yake haikuambii, kwa sababu zipo za SRAM zenye gia 12 zinazoanzia meno 11 na zinakaa kwenye HG.

Diski ni suala dogo. Ya bolti sita inaweza kukaa kwa adapta kwenye habu ya Centerlock, ile inayofunga diski kwa pete moja ya katikati, kinyume chake hapana. Kama breki zako zinabana ringi, hakikisha ringi mpya ina ubavu bapa wa kubania, maana nyingi za diski hazina.

Mwisho shika spoki mbilimbili, zibane kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Upande wa sproketi lazima ziwe ngumu zaidi ya upande wa pili, lakini zilingane zenyewe kwa zenyewe. Iliyolegea ndiyo itakayokatika, kwa kawaida kwenye kiwiko chake pale habuni, maana kila mzunguko inapinda na kunyooka. Gurudumu la dukani silitoi kijiweni bila kulipitia na spana ya spoki, hata mteja akinuna.

Yule wa WhatsApp alituma picha jioni. Matundu ya duara, rula imelala ndani: 148. Gurudumu lake ni 135. Tumemtafutia jingine, na lile jipya sasa linaning'inia ukutani kwangu: 29, la wenzo, spoki 32, bolti sita, HG. Kama uma wako unasema hivyo, njoo na rula.