Mkono wa mtoto mwenye baridi yabisi: lini tunapasua, lini tunasubiri

Wazazi wengi wanaoniletea mtoto mwenye baridi yabisi ya mikono huwa wamekwisha kujiandaa kwa operesheni. Wanachotaka ni tarehe tu. Wengi huondoka bila tarehe hiyo, na wengine huondoka wamenuna. Mimi ni daktari wa upasuaji wa mikono, lakini kwa watoto hawa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukataa kushika kisu kabla ya wakati wake.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa ufupi. Tunauita baridi yabisi ya utotoni pale kiungo kinapovimba kabla mtoto hajatimiza miaka 16, uvimbe ukadumu angalau wiki 6, na sababu nyingine zikatafutwa zisionekane. Kinga ya mwili huugeukia utando unaofunika kiungo kwa ndani. Utando hunenepa, hutoa ute mwingi kupita kiasi, na ukiachwa hivyo muda mrefu huanza kula gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa), kisha mfupa. Mtoto hakuambukizwa na mtu, wala mzazi hakumlisha kitu kibaya.

Mtoto mdogo aghalabu halalamiki maumivu. Huacha tu kuutumia mkono. Ndiyo maana siwaulizi wazazi “anaumwa?” peke yake, nauliza anainukaje kutoka sakafuni. Anayeegemea ngumi badala ya kiganja kilichofunguka, mara nyingi kifundo chake cha mkono kimekwisha kupoteza uwezo wa kukunjika kwenda nyuma. Nauliza pia kuhusu asubuhi: vidole vilivyokakamaa anapoamka, vikalegea jua linapopanda, vinanieleza mengi kuliko picha.

Mkono wa mtoto hauharibiki kama wa mtu mzima. Kwa mtoto kifundo huanguka kuelekea kiganjani na kuvutwa upande wa kidole cha mwisho, kwa sababu mfupa wa kigasha (sehemu kati ya kiwiko na kifundo) wa upande huo mara nyingi huacha kukua mapema ukabaki mfupi. Sasa jaribu hivi: kunja kifundo chako kabisa kuelekea kiganjani, halafu ufumbe ngumi kwa nguvu. Haifumbiki vizuri, sivyo? Kano zinazokunja vidole zimelegea kama kamba iliyofunguliwa upande mmoja. Kwa hiyo mzazi akiniambia “daktari, nyoosha vidole,” mara nyingi jibu langu ni kwamba tuanze na kifundo. Vidole vyema juu ya kifundo kilichoanguka havishiki kikombe.

Basi kwa nini tusikinyooshe leo? Kwa sababu ya gegedu la ukuaji. Karibu na ncha za mifupa kuna tabaka jembamba ambalo urefu wote wa mfupa hutokea humo. Lile lililo kifundoni, upande wa kidole gumba, huzalisha takriban robo tatu ya urefu wa mfupa wake. Ukilikata au kulipitishia skrubu vibaya, mkono utakua umepinda, nawe utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Tabaka hilo hufunga miaka ya mwisho ya ujana, wasichana wakitangulia wavulana. Mimi sihesabu umri wa kuzaliwa, natazama eksirei.

Wakati tunasubiri, dawa ndizo zinazofanya kazi: ibuprofeni au naproksini kwa maumivu, sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) ndani ya kiungo, methotreksati inayotuliza kinga ya mwili (mara moja kwa wiki, nalirudia hili kila mara, kwa sababu kuinywa kila siku ni hatari kubwa), na dawa za kibayolojia, zinazozuia sehemu mahususi ya kinga inayochochea uvimbe. Ya kwanza kati ya hizo za kibayolojia, etanasepti, iliidhinishwa Marekani kwa watoto mwaka 1999, na tangu kundi hilo lije, mikono iliyoharibika kabisa imepungua sana. Kwa mtu anayeishi kwa kupasua, hiyo ni habari njema.

Zipo operesheni chache ninazokubali kabla mtoto hajamaliza kukua. Kusafisha uvimbe unaozunguka kano, dawa zikishindwa, hasa kidole kinapokwama kikikunjwa. Kupunguza kasi ya ukuaji wa mfupa mmoja wa kigasha, au kuurefusha ule mfupi, ili viwiane. Kuondoa utando wa kiungo nakufanya kwa kusita: utando unaweza kuota tena, na mtoto anaweza kutoka na kiungo kigumu kuliko alichoingia nacho.

Ukuaji ukiisha, mlango unafunguka. Hapo naweza kukata mfupa na kuulaza upya, au kuunganisha kifundo kwa bamba la chuma kisikunjike tena. Wazazi hushtuka: “Unataka kuugandisha mkono wa mwanangu?” Ndiyo, ikibidi. Kifundo kilichonyooka kisichouma kina manufaa kuliko kinachocheza kidogo na kuuma kila siku, na kiganja bado kitageuka juu na chini, maana mgeuko huo unatoka kwenye kigasha. Viungo bandia kwa kijana siviungi mkono. Vinachakaa, na yeye ana miaka mingi mbele.

Kabla ya usingizi wa operesheni, mwambieni daktari wa ganzi kuhusu shingo na taya. Ugonjwa huu huzigusa zote mbili. Taya huweza kubaki dogo na shingo ikawa ngumu au ikalegea, na kupitisha mpira wa kupumulia kukawa kazi ngumu. Steroidi za muda mrefu zisikatishwe ghafla. Methotreksati kwa kawaida inaendelea, ila zile za kibayolojia husitishwa kwa ratiba ya daktari wa baridi yabisi.

Halafu inakuja sehemu ninayoiogopa kuliko chumba cha upasuaji: nyumbani. Siku za mwanzo mkono uwe juu kuliko moyo, mchana na usiku. Ncha za vidole ziwe na joto na rangi yake. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa, au ganzi ikaingia, rudini hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje kukuche. Vidole vilivyo nje ya plasta, kiwiko na bega vichezeshwe tangu mwanzo, la sivyo tutatibu kifundo na kupoteza bega.

Nikigusa kano au utando tu, mazoezi huanza ndani ya siku chache. Nikikata mfupa, plasta hukaa wiki 6, pengine hadi 12. Ikitoka, mkono utakuwa mwembamba na ngozi imekauka, na mtoto ataulinda kama si wake. Hapo mtaalamu wa mazoezi ya mikono ni muhimu kuliko mimi. Banzi la usiku, kukanda kovu, maji ya uvuguvugu asubuhi kabla ya mazoezi, dawa ya maumivu nusu saa kabla. Udongo wa kuchezea unafaa kuliko mazoezi ya kuhesabiwa. Kitu kimoja nakikataza kabisa: mzazi kuvuta kidole kwa nguvu ili “kifunguke”. Kiungo chenye uvimbe hujibu nguvu kwa kukaza zaidi.

Mwalimu aombwe kumpa muda zaidi wa kuandika, na kalamu nene. Na miadi ya daktari wa macho isiahirishwe kwa sababu ya plasta: ugonjwa huu unaweza kushambulia ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, na kwa kawaida ni daktari mwenye darubini ya macho ndiye huugundua mapema.