Mpiga picha wa tai na mtoto hakuuawa na picha moja

Vijiweni hapa Arusha, inapozungumzwa picha ya tai aliyetua nyuma ya mtoto mwenye njaa, husemwa kwamba mtoto yule aliliwa na kwamba Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alijiua kwa majuto. Sivyo, na inaniuma kuona jeraha la nafsi, ambalo ni ugonjwa wenye tiba, likigeuzwa kuwa adhabu. Picha ilipigwa Machi 1993 huko Ayod, kusini mwa Sudan, karibu na kituo cha kugawa chakula. Mtoto alikuwa amevishwa mkononi utepe wa plastiki wa kituo hicho, Carter alimfukuza tai, na mwaka 2011 familia ilimweleza mwandishi wa Hispania kwamba mtoto, aliyekuwa wa kiume, alinusurika njaa ile. Carter alijiua kweli, Julai 1994, akiwa na miaka 33, baada ya miaka mingi ya kupiga picha za mauaji katika vitongoji vya nchi yake, na miezi mitatu tu baada ya rafiki yake na mpiga picha mwenzake, Ken Oosterbroek, kuuawa kwa risasi katika kitongoji cha Thokoza, karibu na Johannesburg. Ujumbe aliouacha ulitaja madeni, kumbukumbu za maiti, na rafiki huyo aliyemtangulia.