Sponji laini haizuii kila mtetemo

Wapenzi wengi wa santuri hapa Mbeya huamini kwamba sponji nene chini ya mashine ya santuri humaliza mtetemo wote, na kadiri inavyokuwa laini ndivyo inavyofaa. Sivyo. Sponji iliyobonyea kabisa kwa uzito haizuii chochote, na ile inayonesa ina kasi yake ya asili ya kucheza, hivyo mtetemo unaolingana na kasi hiyo hukuzwa. Kinga huanza tu pale kasi ya mtetemo inapozidi takriban mara 1.4 ya kasi hiyo ya asili. Eneo la kuogopwa ni karibu na mitikisiko 10 kwa sekunde, kwa sababu mkono unaobeba sindano nao hutikisika kwa urahisi hapo.

Kwenye sakafu ya mbao, ambako hatua za miguu ndizo zinazorusha sindano, rafu iliyofungwa imara kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma hushinda sponji yoyote, nayo hugharimu ubao na vyuma viwili vya pembe tu. Kwa anayeishi Uyole, kando ya barabara kuu ya malori, ningependekeza tyubu ya baiskeli ndogo yenye upepo kidogo, juu yake ubao mzito uliosawazishwa kwa pimamaji. Spika zikae mbali, kamwe zisiwe juu ya meza ileile iliyobeba mashine.