Je, Wajua Kwa Nini Kisigino Kinachouma Hubebeshwa Mzigo?

Kwa miaka mingi niliamini, kama wengi tunaopanda mlima wa Riat, Kisumu, alfajiri kwa mazoezi, kwamba kano la kisigino likiuma sharti lipumzishwe mpaka litulie. (Kano hapa ni ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, si nyanda za Kano za upande wa Ahero.) Nilipumzika wiki sita, maumivu yakaisha, na siku niliyoupanda mlima tena yakarudi yakiwa makali zaidi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kano lililonyamaza limepona. Mapumziko marefu hutuliza kano na papo hapo hulidhoofisha, hivyo mlima uleule hulikuta likiwa na nguvu pungufu kuliko awali. Jeraha bichi au kano lililokatika ni habari nyingine, na hilo ni la daktari.

Ndani ya kano mna nyuzi za kolajeni, yaani protini inayolipa kano uimara, na baina yake seli zinazohisi zinapovutwa. Nyuzi za mkonge zilizorundikwa chini haziwezi kuinua hata ndoo. Huwa kamba pale tu msokotaji anapozivuta huku akizisokota, kila uzi ukalala kufuata mvuto. Seli za kano husokota gizani: mvuto ndio unaoziambia zitengeneze kolajeni na ziilaze upande gani, na mguu usipofanya kazi hazipati agizo lolote.

Mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake nchini Uswidi waliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, mara 180 kwa siku, hata kama panauma. Baada ya wiki 12 wote walikuwa wamerudi kukimbia. Watu 15 ni wachache, na kwa wasio wanamichezo matokeo ya baadaye yamekuwa hafifu zaidi.

Tena msokotaji huyu wa ndani ya kano ana mipaka ya ajabu. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima ndani ya kano za watu kaboni iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo huonyesha tishu ilijengwa lini, wakakuta kwamba kiini cha kano hakibadilishwi tena baada ya ujana. Huenda basi zoezi hunufaisha zaidi sehemu za nje, au huzoesha neva na misuli kuubeba mzigo, kwa kuwa mara nyingi maumivu huisha ilhali picha za ultrasaundi bado zinaonyesha kano lenye kasoro zilezile.