Madoa ya Rangi za Mafuta kwenye Ngozi ya Swedi

Wachoraji wa Bagamoyo, wawe wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni au wale wanaouza picha zao katika Mji Mkongwe, hushika vifaa vyenye mafuta kila siku, na si ajabu kiatu au mkoba wa swedi kuingia doa. Swedi ni ngozi iliyosuguliwa upande wa ndani hadi nyuzi zake zikasimama. Haina utando wa juu wa kuzuia mafuta, kwa hiyo huyanywa mara yanapoigusa. Ndiyo maana mafuta hutolewa kwanza kwa njia kavu. Wanaokimbilia sabuni na maji ya moto hulitandaza doa, na ngozi ikikauka hukakamaa.

Kinachofuata hutegemea kilichomwagika. Pasteli ya mafuta ni mchanganyiko wa unga wa rangi, nta na mafuta yasiyokauka, hivyo haigandi kabisa na hata doa la jana bado lina tiba. Weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki, ugandamize juu ya doa mpaka nta iwe ngumu, kisha ibandue kwa ukingo wa kisu butu bila kusugua. Nyunyiza konfulawa au chaki nyeupe iliyosagwa, uiache usiku kucha. Asubuhi utaona unga ulionyonya mafuta umeshikana vijidonge na kufifia weupe, ilhali ule mkavu hupeperuka ukipulizwa. Ukung'ute kwa brashi laini, urudie mpaka unga ubaki mweupe. Kivuli cha rangi kitakachosalia hupunguzwa kwa ufutio mweupe. Ufutio wa rangi huongeza doa lake.

Rangi ya mafuta ya mirija haina subira hiyo. Mafuta ya kitani yaliyomo hayakauki kwa kuyeyuka hewani kama maji, bali huungana na oksijeni na kugeuka utando mgumu usioweza kurudi kuwa mafuta. Rangi ya kopo, yaani enameli ya kung'aa, ambayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata waliifanya maarufu, hukauka kwa saa chache tu. Ikiwa bado mbichi, ikwangue, tumia unga, kisha gusa mabaki kwa pamba iliyoloweshwa tapentaini kidogo sana, ukianzia ukingoni mwa doa kuelekea katikati. Jaribu kwanza sehemu iliyofichika, kwa kuwa tapentaini inaweza kung'oa rangi ya ngozi yenyewe. Fanya kazi hiyo penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Mafuta ya taa huacha mafuta mapya, na mvuke wa petroli hulipuka. Vyote viwili havifai.

Usianike swedi juani wala kuipulizia hewa ya moto, maana joto huyeyusha nta na kuizamisha ndani. Kwa unyevu wa pwani yetu, iache kivulini penye upepo, vinginevyo huota ukungu.

Doa la rangi iliyokwisha kukauka halistahili kupigwa msasa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu na nyuzi za ngozi hukatika. Kwa maoni yangu, ni afadhali fundi viatu aitie swedi yote rangi iliyokolea zaidi.

Vitambaa vilivyofuta mafuta ya kitani visirundikwe kwenye kapu la taka. Vikiwa rundo huzalisha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja, au vitiwe kwenye kopo la bati lenye maji na kufunikwa.